Vidonge vya rangi mbili na bwawa letu la sato

Juni huku Tunduma si mwezi wa mchezo. Baridi inakaa mpaka saa nne asubuhi, na hata samaki hupoteza hamu ya kula. Mwaka jana, asubuhi moja ya mwezi huo, binti yangu wa darasa la tano alikuja mbio kutoka bwawani: "Mama, samaki wanaelea!"

Nilihesabu 14. Wengine walikuwa na vidonda vyekundu mbavuni, wengine tumbo limevimba na macho yametoka nje. Sato hao ndio ada ya kaka yake wa sekondari, basi sikuwaza mara mbili. Nikaenda duka moja la dawa, muuzaji akanipa vidonge vya rangi mbili bila hata swali moja. "Fungua, changanya na pumba, watapona."

Nilikuwa nimeshafungua vitatu jikoni binti aliponiuliza: "Si ndizo zile zilizogoma kwangu?"

Mikono iliishiwa nguvu. Akiwa na miaka saba aliugua maambukizi ya njia ya mkojo, na antibiotiki za mwanzo hazikufanya kazi. Tulilala hospitali siku sita. Daktari alinieleza kwamba bakteria wakizoeshwa dawa hovyo, wanaobaki hai ni wale sugu, nao ndio wanaozaana. Na mimi hapo nilikuwa nataka kuwazoesha bwawa zima! Maji ya bwawa hilo ndiyo tunayomwagilia chainizi.

Nikampigia afisa uvuvi. Alipofika hakuanza na dawa, alianza na maswali. Bwawa ni mita 10 kwa 15, nimeweka samaki zaidi ya 1,000, na mbolea ya kuku natupia kila wiki. Akacheka: "Dada, umewabananisha kama abiria wa Hiace ya Mlowo." Akasema bakteria kama eromonasi huishi majini siku zote, hushambulia samaki akishachoka kwa baridi, uchafu na msongamano. Tuliuza nusu ya wale wazima, tukaacha samadi, tukabadilisha maji kidogo kidogo kila siku. Waliokufa tuliwafukia mbali na bwawa.

Habari ya mwani ilitoka kwa wifi yangu aliyeolewa Paje, Unguja. Huko kina mama wanalima mwani kibiashara tangu 1989, mwingi ukisafirishwa nje ukiwa mkavu, na wengi wetu bara hatujui kwamba sukari ndefu inayotolewa humo, karajinani, imo hata kwenye dawa ya meno. Afisa uvuvi aliniambia watafiti wa nchi mbalimbali wameijaribu kwenye chakula cha sato, pamoja na kitosani ya maganda ya kamba, na katika majaribio mengi kinga ya samaki ilipanda na waliokufa kwa bakteria walipungua. Lakini alinionya: huamsha kinga kabla ya ugonjwa, haimfufui samaki anayeelea.

Wifi alituma kilo mbili kwa basi. Tuliuosha mara tatu kwa maji baridi kutoa chumvi, tukauanika, tukautwanga kwenye kinu na kuuchekecha. Gramu 10 kwa kila kilo ya chakula, yaani pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga. Mume wangu alinuna kwa harufu. Alisema nyumba imekuwa Forodhani.

Je, ni mwani uliotusaidia? Siwezi kukuapia, mzazi mwenzangu. Tulipunguza samaki na kusafisha maji kwanza, na naamini hilo ndilo lililobeba mzigo mkubwa. Vifo vilikoma baada ya wiki tatu. Juni ya mwaka huu tulianza kuwapa mwani mwezi mmoja kabla ya baridi, wakafa wawili tu.

Vile vidonge nilivirudisha dukani. Hela sikurudishiwa. Binti ndiye anayepima mwani sasa, kwa mzani wangu wa maandazi, na anaandika idadi ya waliokufa nyuma ya daftari la hisabati. Mwalimu wake ameshaniita mara moja kuuliza hizo hesabu ni za nini.