Mwarobaini na Kidonge

Katika Eneo la Viwanda, Nairobi, mitambo hutengeneza vidonge. Jirani yake, vichochoroni Mukuru, unga wa mwarobaini huuzwa kwa kijiko. Kibarua hutumia vyote viwili, ila mbele ya daktari hutaja kimoja tu. Hapo ndipo penye hatari: mwarobaini hushusha sukari mwilini, na ukikutana na dawa ya kisukari huweza kuishusha kupita kiasi. Hali mmea na kidonge ni ndugu. Artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, ilitoka katika pakanga, ikampa Tu Youyou wa Uchina Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichoongezwa ni kipimo. Basi daktari na aulize bila kukemea. Wahenga walimwonya mficha maradhi. Mficha dawa naye aonywe.