Kuwachagulia Waonjaji Wanaoanza

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Methali hii ilituongoza tulipotakiwa kuandaa jioni ya kuonja wiski kwa ajili ya wanafunzi wetu watu wazima, ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuionja. Sharti letu lilikuwa moja: kila aonjaye, au anusaye tu, aseme kwa Kiswahili alichokihisi. Wapo wenzetu waliopinga. Walidai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kinywaji hicho cha ugenini, tena kwamba somo lingegeuka kuwa ulevi.

Hoja ya pili ilikuwa nyepesi kuijibu. Tulipima mililita 15 tu katika kila bilauri, tukaweka maji na mkate mezani, na wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, tukawakaribisha wanuse. Hao hawakupungukiwa na mengi, kwani sehemu kubwa ya ladha huja kwa njia ya pua.

Hoja ya kwanza ndiyo iliyotutaka tuchague vema. Mwalimu wa matamshi huyaweka pamoja maneno kama "pata" na "bata" ili sikio liishike tofauti. Nasi vivyo hivyo hatukutafuta chupa za bei kubwa, bali zile zinazotofautiana waziwazi.

Ya kwanza ilikuwa Jameson ya Ayalandi. Hukenekwa mara tatu, nayo ni laini, haikereketi koo sana. Ya pili ilikuwa Maker's Mark ya Kentucky, Marekani, ambayo ni wiski ya aina ya bourbon. Kisheria, nafaka za bourbon hazina budi kuwa mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, nayo hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Wanafunzi walikubaliana upesi: sukari guru iliyoungua. Ya tatu ilikuwa Glenlivet ya miaka 12 kutoka Uskoti, iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri tupu. Hapo tulisikia "nanasi", na "ukakasi kidogo, kama wa ndizi mbichi".

Ubishi wetu ulikuwa juu ya ya nne, Laphroaig ya kisiwa cha Islay, huko huko Uskoti. Baadhi yetu walitaka iondolewe, wakichelea kwamba ingewakimbiza wanaoanza. Wengine tuliona kuwa kuificha ni sawa na kufundisha ngeli ya M-WA peke yake na kumwacha mwanafunzi adhani ameimaliza sarufi. Tuliafikiana iwekwe mwisho, kwa sababu moshi wake ungezifunika nyingine zote. Kimea chake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyolundikana majini kwa maelfu ya miaka, yakachimbwa na kuanikwa.

Mmoja alisema "dawa ya kidonda", mwingine "shombo". Kisha mwanafunzi mmoja kutoka Burundi, ambaye hakunywa hata tone, alinusa mara mbili akasema: "Huu ni moshi wa kinamasi." Kwao pia udongo wa namna hiyo huchimbwa, ukakaushwa na kuwashwa badala ya kuni. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za Islay. Wale waliodai kwamba Kiswahili kingekwama waliliandika neno lake daftarini pamoja nasi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu watakaojaribu zoezi hili, liwe la wiski, kahawa au asali: chagueni vichache, vitofautiane sana, mvipange kutoka kilicho chepesi hadi kilicho kizito, na msiwatajie wanafunzi majina ya ladha kabla wao hawajasema. Wengi wanayo maneno hayo tangu jikoni kwao. Wanachosubiri ni kuulizwa.