Mvua ya Ungoni

Juzi, hapa nyumbani Korogwe, nilimwekea mjukuu wangu kanda ya mchezo tuliourekodi miaka ya tisini, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika sekondari moja wilayani Handeni. Kanda ilikuwa imesimama katikati, nami nikaianzishia papo hapo. Mtoto akauliza: “Babu, nani anakaanga?” Hakuna aliyekuwa akikaanga. Ilikuwa mvua.

Enzi zile Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa jukwaa letu. Kuanzia mwaka 1993 wengi walifuatilia mchezo wa Twende na Wakati kwa redio za betri, na wanafunzi wangu wakatamani kutunga mchezo wao wa kusikilizwa. Shule haikuwa na umeme. Tulikuwa na redio kaseti moja na vyombo vya jikoni.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na kigugumizi. Nilipogawa nafasi za wahusika, nilimwambia kwamba yeye atashughulikia sauti za vitu. Aliipokea kazi ile kwa bidii iliyonishangaza. Mahindi juu ya ungo yalisikika kama mvua ya mawe. Akajaribu mtama, ikawa masika. Ulezi ukawa manyunyu. Alituonyesha kwamba siri si kumwaga, bali kuuinamisha ungo polepole ili punje ziviringike. Bati chakavu lilipotikiswa likawa radi. Vifuu viwili vya nazi juu ya udongo mkavu vikawa kwato za punda. Kitambaa kilicholowa, kikikandwa ndani ya beseni, kikawa nyayo za mtu apitaye topeni.

Darasani nilifundisha tanakali za sauti kama orodha ya kukariri: kuanguka mchangani tifu, majini chubwi, topeni pwaa. Yeye alizifanya kipimo. Aliandika neno daftarini kwanza, kisha akatafuta kitu kitakacholitamka. Tulipoangusha gunia akatikisa kichwa: lile lilisema pu, na mchezo ulidai tifu. Tulirudia mara nne.

Nilirudisha kanda nyuma. Mhusika akasema wingu limetanda, aanue nguo, ungo ukafuata, na mjukuu akasema, “Kumbe mvua!” Punje ni zilezile. Neno lililotangulia ndilo lililomwambia sikio lake lisikie nini.

Tulisikiliza hadi mwisho, nami furaha ikanipungua. Mvua, radi, punda, nyayo: vyote ni mikono ya msichana yule. Neno lake halimo hata moja. Hata majina ya washiriki yalisomwa na mwenzake, na lake likawa la mwisho. Wakati ule niliamini ninamkinga asichekwe. Lakini sikumwuliza kama alitaka kusema, na mtu aliyeyasikiliza maneno kwa makini kiasi kile huenda alikuwa na mengi ya kusema.

Walimu wenzangu mnaosoma hapa, kazi hii ya sauti ifanyeni na wanafunzi wenu. Haina gharama, na tanakali hazitasahaulika tena. Ila kabla hamjampa mtoto ungo kwa sababu ulimi wake ni mzito, mwulizeni kwanza kama angependa pia kupewa sentensi.