Kutoka Ushanga hadi Paneli ya Sola

Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika nchi ya Unyamwezi iliyopitiwa na njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kila nipitapo huko naona paneli za sola juu ya mapaa, na kila mara nakumbuka shanga.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pwani pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, nyaya za shaba na shanga za kioo, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Paneli nayo asili yake ni mawe ya kwatsi, yenye silikoni, elementi inayochukua zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia. Ushanga na paneli ni watoto wa mama mmoja, na wote wawili wametufikia wakiwa bidhaa ya mgeni.

Silikoni haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kama kioo. Ndiyo maana huitwa nusu kipitishi. Upande mmoja ukitiwa chembe za fosforasi na wa pili boroni, mwanga wa jua hubandua elektroni, na mpaka wa pande hizo huzielekeza njia moja. Maabara ya Bell ya Marekani ilionyesha seli ya namna hiyo mwaka 1954. Lakini kwanza jiwe huchomwa pamoja na kaboni katika tanuri la umeme, kisha husafishwa. Kwa vifaa vya kompyuta, atomu ngeni huwa takriban moja tu katika bilioni.

Mwaka 2017 taifa zima lilijadili mchanga wa madini, makontena 277 yalipozuiliwa bandarini Dar es Salaam. Mjadala ule ulikuwa wa haki. Silikoni, hata hivyo, inatupa somo jingine: mchanga wake hakuna anayetuibia, kwa kuwa thamani haimo mchangani, imo katika tanuri na katika vichwa vya waliosoma kemia na fizikia. Hakuna geti la bandari liwezalo kuzuia thamani ambayo hatujaizalisha.

Sisemi Uyui ijenge kiwanda cha chipu kesho. Kwa watumishi wa umma nasema hivi: paneli hudumu miaka 25 hivi, betri huchoka mapema zaidi, mkataba wa sola ya zahanati usio na fungu la kufundisha mafundi wa wilaya ni biashara ya shanga. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, daini maabara za sekondari kwa sauti ile ile mnayodai barabara. Mpagazi hakuulizwa kamwe kama angependa kujua ushanga unavyotengenezwa. Sisi tusisubiri kuulizwa.