Kura ya Nyamugari

Juni 1993 nilikuwa na miaka 23, nikiishi Nyamugari, mtaa wa Waswahili hapa Gitega, Burundi. Tarehe 1 tulimchagua rais, tarehe 29 tukarudi foleni kuchagua wabunge. Shangazi yangu, muuza maandazi asiyejua kusoma, aliniuliza tukiwa bado kwenye baridi ya alfajiri: "Mwanangu, mbunge wetu wa hapa Nyamugari ni nani?"

Nikamwambia hayupo. Jimbo la uchaguzi ni mkoa mzima, mjini na vilimani, na kura inapigiwa orodha ya chama. Kule Muyinga, mjomba alikuwa akipiga kura vivyo hivyo siku ile ile.

"Kwa hiyo nikikosa maji, nikailalamikie orodha?"

Sikuwa na jibu. Tulipiga kura hata hivyo, kwa furaha ambayo sijaiona tena. Chama cha FRODEBU kilipata viti 65 kati ya 81, chama cha UPRONA 16, na Pontien Karibwami akawa Spika.

Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, tuliyemchagua Juni 1. Wakamuua na Karibwami, na makamu wake Gilles Bimazubute. Kikatiba, Spika ndiye aliyepaswa kushika nafasi ya rais. Kwangu mimi, kura yetu ya Juni 29 iliuawa pamoja nao. Mauaji yakaenea vilimani. Mjomba alivuka mpaka wa Kobero kwa miguu, akaingia Tanzania, na barua yake ya kwanza ilitufikia baada ya miezi mingi.

Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 ulituletea mgao wa madaraka kati ya Wahutu na Watutsi, na Katiba ya 2005 ikatenga angalau asilimia 30 ya viti kwa wanawake. Niliushukuru na naushukuru hadi leo. Lakini jimbo lilibaki mkoa, na orodha ikabaki orodha.

Sheria ya 2023 ikapunguza mikoa kutoka 18 hadi 5. Gitega imeunganishwa na Karusi, Muramvya na Mwaro. Muyinga ya mjomba imefutwa kama mkoa: pamoja na Cankuzo na Ruyigi, sasa ni Buhumuza. Tarehe 5 Juni 2025 tulipiga kura kwa majimbo hayo mapana, na chama cha CNDD-FDD kikachukua viti vyote 100 vilivyogombewa.

Shangazi alishafariki. Nyamugari bado haina mbunge wake.