Mota Iliyo Ndani ya Simu Yako

Kamera nyingi za simu zina mota ndogo sana: koili ya waya na sumaku. Umeme ukipita, lenzi inasogea kidogo, hata milimita haifiki, na picha inatulia.

Ipo aina nyingine. Mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie waligundua kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. 1881 wakathibitisha kinyume chake, zikipewa umeme hubadilika umbo. Leo mota za fuwele husogeza vitu kwa nanomita.

Sasa, injini ya boti ikigoma, fundi wa hapa Watamu huifungua akaitengeneza. Koili ile ikikatika, hubadilisha kamera nzima. Vitu vinapozidi kuwa vidogo, ufundi unatuponyoka. Sisi wa programu tusiishie kwenye kibodi.