Samaki wa Magadi Waache Walipo

Wasee, acha niwape stori ya video ambayo hamtawahi kuiona.

Tulienda Magadi na marafiki wawili, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, mafuta nimelipa mimi. Kwenye chemchemi za maji moto nikaona samaki wadogo wakiogelea kwa maji yanayokaribia nyuzi 40. Wazo likanijia hapo hapo: niwateke na chupa, niwamwage kwa kidimbwi kingine upande ule, halafu niseme nimewaokoa na joto. Nilijua hiyo itatrendi.

Mzee aliyekuwa anatuongoza akaniuliza, "Kijana, hao unawapeleka wapi?"

"Hapo tu ng'ambo, mzee. Si ni samaki wale wale?"

"Nani amekuambia ni wale wale? Warudishe."

Nikawarudisha, lakini nilinuna njia nzima.

Kufika nyumbani ndio nikasoma. Miaka kama 10,000 iliyopita, Magadi na Natron ya Tanzania zilikuwa ziwa moja kubwa, wanajiolojia huliita Orolonga. Hali ya hewa ikawa kavu, maji yakashuka, samaki wakabaki kwa vidimbwi vya pembeni vyenye chemchemi. Kati ya kidimbwi na kidimbwi kukabaki ukoko mgumu wa magadi. Mimi na wewe tunauvuka kwa miguu. Samaki hawezi.

Kwa hivyo kila kundi linazaana peke yake. Badiliko dogo la jeni likitokea huku, halifiki kule. Kizazi baada ya kizazi, tofauti zinaongezeka. Leo Natron ina spishi zake na Magadi ina yake. Hata ndani ya Magadi yenyewe, Geraldine Kavembe na wenzake, kwa utafiti uliochapishwa 2016, walikuta samaki wa vidimbwi tofauti wametofautiana kijenetiki na kwa umbo la mwili.

Na hawa si samaki wa kawaida. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia. Wa Magadi hutoa urea, kama sisi, kwa sababu maji yale yana magadi mengi mno na amonia ingewalemea.

Sasa fikiria chupa yangu. Samaki wachache tu wangezaana na wa kidimbwi kile, na tofauti iliyochukua maelfu ya miaka ianze kupotea kwa sababu nilitaka views. Na ukishawamwaga, hakuna mtu anaweza kuwachagua tena mmoja mmoja.

Sisi wa kontenti tunapenda sana kuokoa wanyama ambao hawajaomba msaada. Mimi pia nimo. Ukienda Magadi, tafuta mtu wa pale akuongoze, mlipe vizuri, piga picha zako. Chupa yako ibaki ya kunywa maji.

Na ukiona video ya mtu anahamisha samaki, usimpe laiki. Muulize kwanza amewatoa wapi.